Sufu ya askari wa KAR: Mwongozo wa kupata mavazi ya maigizo ya historia Kitui na Makueni

KATIKA kaunti za Kitui na Makueni, ambako jua huwaka kwa miezi mingi ya mwaka, hakuna anayetarajia kukuta kabuti zito la sufu nyumbani kwa mzee. Hata hivyo, vazi hilo lina historia ndefu Ukambani. Vijana wa eneo hili walijiunga kwa wingi na kikosi cha King's African Rifles, yaani KAR, na wengine wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi na vibarua wa jeshi katika vita viwili vikuu vya dunia. Walitoka nchi ya joto wakapelekwa kwenye milima ya baridi, na waliorejea walirudi na blanketi, sweta au kabuti.

Leo shule, vikundi vya sanaa na kamati za sherehe zinapotaka kuigiza maisha ya askari hao, swali la kwanza huwa ni nguo. Zitapatikana wapi? Je, zinafanana na zile za kweli? Na je, sheria inaruhusu zivaliwe hadharani? Makala hii inaeleza mavazi yenyewe yalikuwaje, kitambaa chake kinavyopatikana humu nchini, fundi afanye nini, na mambo gani yaepukwe.

Swali la nguo si dogo. Mtazamaji huamini anachokiona kabla ya kusikia anachoambiwa. Kikundi kikimvika mpagazi wa mwaka 1917 buti zinazong'aa na kabuti la sajini, watoto wataondoka wakidhani mababu zao walitunzwa vyema vitani. Ukweli ni kwamba wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, baridi na lishe duni kuliko kwa risasi.

Sufu ilitoka wapi na ilihitajika kwa nini

KAR iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Waingereza vilivyokuwa Afrika Mashariki na ya Kati. Sare yake ya kawaida ilikuwa ya pamba ya kaki, yaani shati au blauzi na kaptura. Sufu ilikuja juu ya kaki hiyo kwa sababu usiku wa nyika na wa milimani ni baridi, na askari alilala chini.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1914 hadi 1918, mapigano ya mwanzo yalikuwa karibu na Ukambani, katika eneo la Taita na Taveta na kando ya reli ya Uganda. Kilima cha Salaita kilishambuliwa Februari 1916, na mwezi uliofuata majeshi ya Waingereza yakapigania vilima vya Latema na Reata kabla ya kuingia Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ujerumani. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilikusanya wapagazi kwa nguvu kutoka wilaya nyingi, Ukambani ikiwemo. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ulipata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Katika Vita vya Pili, baridi ilikuwa kali zaidi. Mapema mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham yalivuka nyika ya kaskazini, yakaichukua Kismayu na Mogadishu mwezi Februari na kuingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Baadaye mwaka huo brigedi za Afrika Mashariki zilipigana kaskazini mwa Ethiopia, ikiwemo njia ya mlimani ya Wolchefit, hadi Waitaliano walipojisalimisha Gondar tarehe 27 Novemba 1941. Kijana aliyezaliwa Kibwezi au Mutomo hakuwa amewahi kuona baridi ya aina hiyo. Kwake sweta na kabuti vilikuwa vifaa vya kuokoa uhai.

Baada ya hapo askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Madagascar mwaka 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za mwaka 1944. Huko tatizo kubwa lilikuwa unyevu. Miaka ya 1950, vikosi vya KAR vilitumwa katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kupambana na wapiganaji wa Mau Mau, na kwa mara nyingine sufu ikavaliwa milimani, mara hii ndani ya Kenya yenyewe.

Sufu ilichaguliwa kwa sababu za kimaumbile. Nyuzi zake zina mikunjo midogo inayoshika hewa, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisitoke. Aidha, sufu hunyonya unyevu unaofikia takriban asilimia 30 ya uzani wake kabla ya mvaaji kuhisi amelowa. Pamba ikilowa humganda mtu mwilini na kumpoza, ilhali sufu huendelea kutia joto kiasi. Tena haishiki moto kwa wepesi, jambo muhimu kwa watu waliolala kando ya moto wa kambini.

Mfano mmoja maarufu unatoka Mlima Kenya. Mnamo Januari 1943, wafungwa watatu wa vita wa Kiitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi yao Nanyuki kwa nia ya kupanda mlima huo. Walijitengenezea vifaa kwa siri, na mablanketi ya kambini yakawa malighafi ya mavazi yao. Benuzzi na Balletto walifika kilele cha Lenana, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Funzo lake kwa kikundi cha maigizo cha leo ni wazi: blanketi nzuri ya sufu na fundi stadi vinaweza kutoa vazi la mlimani.

Nani alivaa nini

Kabla ya kununua hata mita moja ya kitambaa, kikundi kiamue kinaigiza mwaka gani, mahali gani na kazi gani. Mavazi yalibadilika, na kuyachanganya ndilo kosa linaloonekana mara nyingi.

Mpagazi wa 1914 hadi 1918: Alitembea miguu mitupu. Kitu kikuu cha sufu alichokuwa nacho ni blanketi, ambayo aliijitanda mchana na kulalia usiku. Asivishwe buti, wala tepe, wala kofia ya askari.

Askari wa KAR wa wakati huo: Alivaa kaptura ya kaki na sweta ya sufu ya rangi ya buluu iliyokolea, au blauzi ya kaki. Miguuni alizungushia vitambaa virefu vya sufu kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Kichwani alivaa kofia ndogo ya duara iliyofunikwa kwa kaki, yenye kitambaa cha kukinga shingo dhidi ya jua. Naye pia kwa kawaida hakuwa na viatu.

Askari wa 1940 hadi 1945: Alivaa shati na kaptura au suruali ya kaki, kofia pana iliyopinduliwa upande mmoja, na sweta ya sufu ya rangi ya kaki yenye shingo ya umbo la V. Katika nchi za baridi aliongeza kabuti. Kabuti la jeshi la Uingereza la miaka hiyo lilikuwa na safu mbili za vifungo kifuani, kola pana na urefu uliovuka magoti. Buti zilikuwa zimeanza kuwa za kawaida.

Vibarua, madereva, wapishi na wahudumu wa hospitali: Si kila aliyekwenda vitani alikuwa mpiga risasi. Jeshi liliwategemea sana watu hawa, na mavazi yao yalikuwa ya kawaida kuliko ya askari wa mstari wa mbele. Kikundi kikiwa na waigizaji 20, si sahihi wote 20 wawe na bunduki.

Mpiganaji wa Mau Mau: Alivaa alichopata. Makoti ya kizungu yaliyochakaa, makabuti ya jeshi na koti za ngozi za wanyama zilizoshonwa msituni zilitumika pamoja. Sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kuona jinsi kumbukumbu hiyo ilivyochongwa.

Vyeo navyo viangaliwe. Katika KAR ya miaka ya vita, maafisa wenye nyota mabegani walikuwa Wazungu. Mwafrika alipanda kupitia tepe za mkononi hadi sajini na cheo kilicho juu yake kidogo. Kumpa mwigizaji wa Kikamba wa mwaka 1941 nyota za kapteni ni kufuta ubaguzi uliokuwepo, na pamoja nao malalamiko ambayo askari walirudi nayo nyumbani.

Pa kutazama kabla ya kushona

Vielelezo vipo, na vingi havihitaji fedha nyingi. Sanamu za askari na mpagazi zilizo katika Barabara ya Kenyatta, Nairobi, zilisimamishwa mwaka 1928 na zinaonyesha kwa undani jinsi vitambaa vya miguuni vilivyozungushwa na mizigo ilivyobebwa. Ziko nyingine Mombasa za kipindi hicho hicho. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi, Nairobi, ina kumbukumbu za serikali ya kikoloni.

Mtafiti kutoka Makueni akumbuke jambo moja: Makueni ilitengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992. Kwa hiyo habari za askari wa Mbooni, Kilungu, Kibwezi na Wote za miaka ya vita hutafutwa katika majalada ya Machakos. Kitui ilikuwa na majalada yake.

Jumba la makumbusho ya vita la Imperial War Museum, London, lina picha nyingi za askari wa Afrika Mashariki ambazo huweza kutazamwa katika mtandao. Picha hizo ni za rangi nyeusi na nyeupe, basi zisitumiwe kuamua rangi. Buluu iliyokolea na kaki iliyokolea hufanana katika picha ya zamani. Rangi ithibitishwe kwa maandishi au kwa nguo halisi.

Kielelezo bora kuliko vyote ni nguo yenyewe iliyobaki katika familia. Hapa tahadhari kubwa inahitajika. Kabuti lililohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 80 lisivaliwe jukwaani. Nyuzi zake zimekauka, jasho huziozesha, na mkono ukipita kwa nguvu mshono hufumuka. Likiraruka, familia imepoteza kitu ambacho hakina mfano dukani. Liombwe kwa heshima, litandazwe juu ya shuka safi, lipigwe picha mbele, nyuma na ndani, kisha lipimwe kwa utepe. Fundi achore vipande vyake kwenye magazeti makuukuu bila kufumua hata uzi mmoja, kisha lirudishwe kwa wenyewe siku hiyo hiyo.

Kitambaa kinapatikana wapi

Ukambani si nchi ya sufu. Kondoo wanaofugwa Kitui na Makueni ni wa nyama, na miili yao ina nywele fupi zisizofaa kusokotwa. Kondoo wa sufu kama Merino na Corriedale hufugwa katika nyanda za baridi za Laikipia, Nyandarua, Nyeri na Nakuru. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Kitui ana njia nne.

Ya kwanza ni mitumba. Makoti mazito ya kiume kutoka Ulaya huletwa nchini ndani ya marobota, na soko la Gikomba, Nairobi, ndilo kubwa zaidi. Katika masoko ya nchi ya joto koti kama hilo halina wateja wengi, hivyo mnunuzi ana nafasi ya kujadiliana bei. Tafuta kibandiko cha ndani kinachotaja sufu kwa asilimia 80 au zaidi. Koti refu la rangi ya kahawia au kijani iliyofifia, lenye safu mbili za vifungo, linaweza kugeuzwa kabuti kwa kubadilisha vifungo na kuongeza kamba ya mgongoni.

Ya pili ni blanketi. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwani blanketi nyingi zinazouzwa madukani leo ni za nyuzi za viwandani, na shuka nyingi za Kimaasai pia ni hivyo. Ni laini na zina joto, lakini zikikatwa na kushonwa hazianguki mwilini kama sufu, na mwangaza wa jua huzitoa mng'aro wa plastiki. Uliza blanketi ya sufu waziwazi na uipime kama inavyoelezwa hapa chini.

Ya tatu ni uzi uliosokotwa kwa mkono. Vikundi vya wanawake vya Nanyuki na Njoro vimesokota sufu ya kondoo wa Kenya kwa miaka mingi, na uzi wao mzito wenye vifundo unafaa sana kwa sweta ya zamani. Sweta moja ya mtu mzima huhitaji kati ya gramu 500 na 700 za uzi. Kikundi kikiagiza kwa pamoja huweza kukubaliana rangi moja, jambo ambalo ni gumu ukinunua kidogo kidogo.

Ya nne ni kuagiza vazi lililokwisha kushonwa kutoka ng'ambo. Kuna makampuni Uingereza, Marekani, India na Pakistan yanayotengeneza nakala za sare za kijeshi za zamani. Ubora hutofautiana sana. Kabla ya kutuma fedha, uliza uzani wa kitambaa, asilimia ya sufu na vipimo kwa sentimita, kisha omba picha ya upande wa ndani. Kumbuka kwamba pamoja na bei na usafirishaji utatozwa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mara nyingi nguo mbili za kuagizwa hugharimu sawa na kikundi kizima kilichoshonewa nyumbani.

Jinsi ya kutambua sufu halisi

Usitegemee mkono peke yake. Chomoa uzi mdogo kutoka kwenye pindo la ndani, uushike kwa koleo juu ya bakuli la maji, uuwashe kwa kiberiti. Sufu huungua polepole, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, huzimika yenyewe ukiiondoa motoni, na majivu yake husagika kwa vidole. Nyuzi za viwandani huyeyuka, hutoa harufu ya plastiki na kuacha kijidonge kigumu. Pamba huungua haraka kama karatasi.

Kipimo cha pili ni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini. Kipande kidogo cha sufu kikiachwa humo kwa saa chache huyeyuka, ilhali pamba na nyuzi za viwandani hubaki. Ikiwa nusu imeyeyuka na nusu imebaki, basi kitambaa hicho ni cha mchanganyiko. Kipimo hiki kifanywe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na watoto.

Mchanganyiko si lazima ukataliwe. Kitambaa chenye sufu robo tatu huanguka vizuri mwilini na bei yake ni nafuu. Kinachofaa kukataliwa ni kile kisicho na sufu kabisa lakini kinauzwa kwa bei ya sufu.

Kazi ya fundi

Mafundi wa cherehani hawakosekani Kitui, Mwingi, Wote wala Makindu. Kaunti ya Kitui ilianzisha kituo cha ushonaji cha KICOTEC huko Syongila mwaka 2018, na mwaka 2020 kituo hicho kilijulikana kote nchini kwa kushona barakoa wakati wa janga la Covid-19. Ujuzi wa kushona sare kwa wingi, kwa vipimo vinavyolingana, upo basi katika kaunti hii. Jambo geni kwa mafundi wengi ni kitambaa chenyewe.

Sufu isikatwe kabla ya kunyweshwa. Ifunikwe kwa shuka lililoloweshwa na kukamuliwa, iachwe usiku kucha, kisha ipigwe pasi na kukaushwa ikiwa imetandazwa. Bila hivyo, vazi litanywea likinyeshewa na mwigizaji atabaki na mikono mifupi. Kabuti la mtu mzima huhitaji takriban mita tatu na nusu hadi nne za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Sindano ya cherehani iwe nene, ya namba 16 au 18, na mshono uwe mrefu kidogo kuliko wa kaki. Pasi isiguse sufu moja kwa moja, bali ipite juu ya kitambaa chenye unyevu ili mvuke ufanye kazi.

Vitambaa vya miguuni ni rahisi na hubadilisha sura ya vazi lote. Kila kimoja kiwe na urefu wa karibu mita 2.7 na upana wa sentimita 10, na mwishoni kishonewe utepe wa kufungia. Askari wa miguu alianza kuzungusha kwenye kifundo akapanda juu, kisha akafunga chini ya goti. Blanketi moja kuukuu ya sufu hutoa jozi kadhaa.

Vifungo viwe vya shaba au vya pembe, si vya plastiki inayong'aa. Uzi wa kushonea uwe wa rangi ya kaki. Sweta za walinzi wa kampuni za ulinzi, zenye viraka mabegani na viwikoni, zisitumike kwa igizo la mwaka 1941. Mtindo huo ulienea katika majeshi miaka mingi baada ya vita.

Bunduki nazo zina jawabu lililo karibu. Ukambani ni nchi ya wachongaji. Mutisya Munge wa Wamunyu, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa uchongaji wa kibiashara wa Akamba, alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza. Bunduki ya mti iliyochongwa na warithi wa sanaa yake ni salama, ni nafuu, na yenyewe ni sehemu ya historia inayoigizwa.

Sheria na usalama

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inakataza raia kuvaa sare za majeshi ya Jamhuri au za polisi, au vazi linalofanana nazo. Sheria hiyo inatambua mchezo wa jukwaani na maonyesho ya kweli ya kijeshi kuwa jambo tofauti. Hata hivyo, njia kati ya nyumbani na jukwaani si jukwaa. Waigizaji wabadilishie nguo mahali pa onyesho na wazivue hapo kabla ya kuondoka. Alama za Jeshi la Ulinzi la Kenya na vitambaa vya mabaka vya jeshi la sasa visitumike kabisa. Havikuwepo wakati wa KAR na vinaweza kumtia mtu matatani.

Kikundi kimwandikie chifu na mkuu wa kituo cha polisi mapema, kikitaja siku, mahali, idadi ya waigizaji na kwamba bunduki ni za mti. Barua ya shule au ya afisa wa utamaduni wa kaunti iambatanishwe. Nakala ibebwe siku ya onyesho.

Usalama wa mwili pia uzingatiwe. Kabuti la sufu katika jua la saa saba mchana, Kibwezi au Mutomo, linaweza kumzimisha kijana mwenye afya. Sehemu za milimani ziigizwe asubuhi au jioni. Kabuti livaliwe kwa dakika chache tu za onyesho husika, maji yawe karibu, na mwigizaji anayeona kizunguzungu aruhusiwe kutoka bila kusubiri mwisho wa igizo.

Nishani za babu ziachwe nyumbani au zionyeshwe ndani ya kabati la kioo. Si adabu kwa kijana kuzitundika kifuani kama zake.

Kuzitunza baada ya onyesho

Adui wa sufu ni nondo, unyevu na maji ya moto. Nguo ianikwe kivulini, ipigwepigwe vumbi litoke na isuguliwe kwa brashi laini. Ikilazimika kufuliwa, itumike sabuni hafifu katika maji baridi bila kusokotwa, kwani joto na msuguano huzifanya nyuzi zishikane na nguo ikawa ngumu na ndogo. Ihifadhiwe ikiwa kavu kabisa, ndani ya mfuko wa pamba, pamoja na kafuri. Itolewe na kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu.

Sherehe za kitaifa za Mashujaa za Oktoba 2025 ziliandaliwa katika uwanja wa Ithookwe, Kitui. Siku hiyo huja kila mwaka, na kila kaunti huwa na maadhimisho yake. Kikundi kinachotaka kuwakumbuka askari na wapagazi wa Ukambani kina muda wa kutosha kuanza sasa: kuwatembelea wazee na familia, kupima nguo zilizobaki, kutafuta sufu na kumpa fundi kazi.

Kwa kikundi kisicho na fedha, ushauri wa kuanzia ni huu. Msianze na kabuti. Anzeni na mpagazi mmoja, miguu mitupu, mzigo kichwani na blanketi moja ya sufu begani. Vazi hilo ndilo la bei nafuu kuliko yote, na ndilo walilovaa wengi zaidi kati ya waliotoka Kitui na Makueni wasirudi.